Anwani Isiyokuwemo Orodhani

Nastiti alikuwa amekaa meza ya mbele miaka kumi na minne. Meza ya mbele, katika ofisi ya wapima ardhi ya Pak, yaani Bwana, Winarno mjini Klaten, maana yake ni kupokea simu, kuandika barua, kuchemsha chai wageni wakija, na kuambiwa "mwite fundi" kila printa inapogoma. Kwa miaka sita ya mwisho fundi hakuitwa. Tangu alipofariki Pak Sumitro, mshirika wa Pak Winarno aliyeifunga mitambo yote ile kwa mikono yake, Nastiti mwenyewe ndiye aliyekuwa akiinama chini ya meza, kitambaa cha kichwa amekibana kwa pini kisishike vumbi, akifuata waya mpaka aukute ugonjwa. Alijifunza kwenye simu yake, jioni baada ya jioni, huku akikaanga tempe ya soya. Na wageni wakija, Pak Winarno aliendelea kumtambulisha kwa maneno yaleyale: huyu ni wa mbele.

Mwaka huo ofisi ikaungana na kampuni kubwa ya upimaji ya Semarang. Ramani zingesafiri huku na huku bila mtu kupanda gari, na kila mmoja alifurahi, mpaka mafundi wa Semarang walipogundua kikwazo. Ndani ya ofisi zote mbili, kila kompyuta, printa na kamera ilikuwa na anwani inayoanza kwa 192.168.1, maana ndizo anwani zinazokuja na mitambo kutoka dukani na hakuna aliyejisumbua kuzibadilisha. Ni sawa na mitaa miwili yenye jina moja na namba zilezile za nyumba. Ikiwa mbalimbali hakuna shida. Ukiiunganisha, tarishi anasimama njia panda na barua mkononi asijue aelekee wapi. Mmoja lazima abadili namba zake, na kwa kawaida ya dunia anayebadili si mkubwa. Semarang wakasema Klaten wahamie 10.27.5, na kwamba baada ya mwezi mmoja, Ijumaa saa saba mchana, wangepiga simu wajaribu.

Pak Winarno alitaka kuita mafundi kutoka mji wa Yogya. Nastiti akaomba apewe yeye kazi hiyo. Kuomba kwenyewe kulimchukua siku tatu, na alipopiga moyo konde aliomba huku macho yake yakiwa kwenye sinia la chai. Pak Winarno akajibu polepole, kama ilivyo desturi yake, akimwita kwa heshima Mbak, yaani dada.

"Ikienda sawa, Mbak Nastiti, mtandao utakuwa wako, na meza ya mbele tutatafuta mtu mwingine. Ikiharibika, Jumatatu nawaita Yogya, na jambo hili tusilizungumze tena."

Hakupandisha sauti. Pak Winarno hapandishi sauti, na waliomzoea wanajua kwamba akisema jambo lisizungumzwe tena huwa amemaliza. Nastiti alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alijua kabisa kwamba nafasi kama ile haingepita tena mbele yake, na usiku ule hakula.

Wiki tatu akazunguka ofisi nzima na daftari. Kompyuta hazikumpa taabu, kwa sababu zenyewe hugawiwa anwani na ruta, ule mlango wa intaneti, kila zinapowashwa. Taabu ilikuwa mitambo ambayo Pak Sumitro aliiandikia anwani kwa mkono, moja moja, ili isipotee: printa mbili, mashine kubwa ya kuchapia ramani, hazina ya faili, mashine ya alama za vidole ya mahudhurio, kamera nne. Aliiandika yote. Jumatatu hadi Alhamisi alikuwa akiita mtandaoni kila namba kuanzia moja hadi mia mbili hamsini na nne, na iliyoitika akaitafuta ilipo mpaka akaigusa kwa mkono.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kwenye swichi, kile kisanduku cha matundu ambako nyaya zote hukutana, ulikuwepo waya wa buluu uliopanda darini na kupotelea upande wa ukuta wa nyuma. Hauna karatasi ya jina, na kitaa chake hakijawahi kuwaka siku zote hizo. Aliuliza, hakuna aliyejua. Bernadet, mchora ramani, alimshauri auchomoe aone nani atapiga kelele. Nastiti akakataa. Waya ule uliwekwa na marehemu, na katika ofisi ile vitu vya marehemu havichomolewi ovyo. Hata kikombe chake cha chai bado kipo kabatini.

"Basi uache," Bernadet alisema. "Siku ukianza kuongea ndiyo nitahama ofisi."

Saa ya kufanya kazi aliichagua kwa akili, na aliionea fahari. Ijumaa, saa tano na nusu, wanaume wote kumi na mmoja hutoka kwenda kuswali msikiti ulio jirani, ukuta kwa ukuta na ofisi. Ofisini hubaki wanawake wawili tu, yeye na Bernadet ambaye ni Mkatoliki, na kompyuta zote zimelala. Hakuna saa nyingine katika wiki nzima ambapo mtu angeweza kukata mtandao bila kumsumbua mtu. Hata Pak Winarno aliposikia alitikisa kichwa kukubali.

Ijumaa ikafika. Wanaume wakatoka na saruni zao na harufu ya manukato, Nastiti akafungua daftari. Walianza na printa, wakaenda kwenye mashine ya ramani, Bernadet akisoma namba na Nastiti akizibonyeza. Kamera ya tatu ilileta ubishi, wakaizima na kuiwasha, ikatii. Nje, mwadhini aliadhini, kisha khatibu akaanza hotuba, na sauti yake ikawafikia kwa kipaza sauti cha mnara. Saa sita kamili mitambo yote ilikuwa tayari imepewa anwani mpya ikisubiri mlango wake. Nastiti akashusha pumzi na kubadilisha ruta.

Mtandao ukakatika. Ukarudi. Kompyuta ya Bernadet ikachukua anwani mpya yenyewe, 10.27.5.31, printa ikatoa karatasi, hazina ya faili ikafunguka. Bernadet alimkumbatia, akamwambia kuanzia leo atamwita bosi na atataka nyongeza ya likizo. Nastiti alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kwa dakika tano nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Klaten.

Ndipo simu ya mezani ikalia. Alikuwa mke wa Pak Winarno, anapiga kutoka nyumbani.

"Mbak Nastiti, samahani sana kukusumbua kazini. Mzee hapa ananililia. Hotuba imekatika kwenye simu yake tangu saa sita. Hamuwezi kumwona mtu wa msikitini mkamuuliza?"

Mzee aliyesemwa ni Mbah Kasan, yaani Babu Kasan, baba yake Pak Winarno, aliyepooza upande mmoja. Mwaka wa nne huu hatoki kitandani. Kila Ijumaa mkwe wake humvalisha kofia, humwegemeza kwenye mito, na kumwekea simu kifuani, maana msikiti hurusha hotuba kwenye intaneti kwa ajili ya wagonjwa na wazee. Kwa Mbah Kasan hiyo ndiyo Ijumaa yenyewe. Nastiti akajibu kwa adabu kwamba msikiti una mambo yake na ofisi ina yake, ila wanaume wakitoka angeuliza. Akakata simu. Alipogeuka, macho yake yakaangukia swichi.

Kitaa cha waya wa buluu kilikuwa kinawaka.

Akakaa chini palepale sakafuni. Aliona kila kitu kwa mara moja. Waya ule ulipita darini ukavuka ukuta. Mwisho wake kulikuwa na kisanduku cha kurushia hotuba, kilichoandikiwa anwani kwa mkono na Pak Sumitro, na kisanduku hicho huwashwa siku moja tu katika wiki, saa tano na nusu, wakati wa kuwasha vipaza sauti. Jumatatu hadi Alhamisi angekiita mpaka koo likauke. Na yeye, kwa akili zake nyingi, katika saa zote za wiki alikuwa amechagua ile moja tu ambayo msikiti ulikuwa ukiutegemea mtandao wa ofisi. Alimweleza Bernadet kwa maneno mawili matatu.

"Mimi Mkatoliki," Bernadet alisema. "Lawama za hotuba zisinifikie." Lakini alikuwa tayari amepiga magoti kando yake, anauliza wafanye nini.

Kuingia msikitini katikati ya hotuba, mwanamke, akapenya safu za wanaume hadi kwenye kabati la vipaza sauti, lilikuwa jambo lisilowezekana hata kulifikiria. Angeweza kurudisha ruta kwenye anwani za zamani, lakini hapo kazi yote ingeanguka, na Semarang wangepiga simu saa saba. Ilibaki njia moja ambayo aliisoma tu, hajawahi kuijaribu: kuipa ruta anwani mbili kwa pamoja, mpya kwa ofisi na ya zamani kwa msikiti, yaani nyumba moja iwe na milango miwili. Akikosea angejifungia nje ya ruta yake mwenyewe. Aliandika anwani ya zamani kwenye nafasi ya pili, akaisoma mara tatu, akamwambia Bernadet aisome na yeye, akabonyeza huku amefumba macho.

Dakika ikapita, na nyingine. Kisha simu ya mezani ikalia tena.

"Imerudi, Mbak," mke wa Pak Winarno alisema. "Mzee ametulia. Mungu akulipe."

Dakika kumi na mbili zilikuwa zimepotea. Nastiti alijiambia si nyingi. Khatibu wa siku hiyo alikuwa msemaji wa kujisikiliza, hivyo bado ilibaki hotuba ya kutosha, na dua nzima. Alijiambia pia kwamba hakuna aliyejua. Mlango wa pili usingeweza kubaki wazi Semarang wakiunganishwa, kwa sababu mgongano ungerudi uleule, lakini angezungumza na mtunza msikiti kimyakimya, angebadilisha anwani ya kisanduku chao, na mambo yangekwisha hapo.

Yangekwisha, kama Pak Winarno asingeingia saa sita na nusu akiwa amekunja uso. Mkewe alikuwa amemtumia ujumbe. Akawasimulia, huku anavua viatu, kwamba alipotoka msikitini alimwita mtunza msikiti, Pak Tukiran, mbele ya watu, akamwambia kwamba labda umri umekwenda, na labda mashine ya hotuba wapewe vijana. Alimwambia kwa sauti ya chini. Kwa sisi watu wa huku sauti ya chini ndiyo inayochoma, na kusemwa barazani mbele ya waumini ni aibu ambayo mtu hulala nayo. Pak Tukiran, alisema, aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akasema pengine kidole chake kiligusa kitu.

"Na kwako?" Pak Winarno akamgeukia. "Kuko salama?"

Wanaume walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wakifungua kompyuta zao na kuzikuta zinafanya kazi. Mmoja akampongeza kwa kumwonyesha dole gumba. Bernadet alikuwa ameinamia ramani yake anatafuta kitu ambacho hakikuwepo. Nastiti alikuwa na jibu la neno moja mdomoni, neno la kweli kabisa, na angelisema, mtandao ungekuwa wake. Alimfikiria Pak Tukiran, ambaye kila asubuhi hufagia mpaka kwenye kibaraza cha ofisi bila kuombwa, akitafuta kidole kilichokosea. Roho ikamuuma kuliko alivyodhani.

"Pak Tukiran hakukosea, Pak," akasema. "Hotuba niliikata mimi."

Aliendelea bila kumwangalia mtu. Alieleza kuhusu waya, kisanduku, anwani, milango miwili. Alisema dakika zilikuwa kumi na mbili, hakusema "kama kumi". Alisema pia kwamba mpaka sasa kazi haijakamilika, kwa sababu lazima aingie msikitini abadilishe anwani ya kisanduku na kuufunga mlango wa zamani kabla ya saa saba, na zimebaki dakika ishirini na tano.

"Msikiti una intaneti yake," Pak Winarno alisema.

"Hauna, Pak. Hata mimi nilidhani unayo. Unakula yetu."

"Tangu lini?"

Hakujua. Pak Winarno akavaa tena viatu vyake, akasema twende. Nastiti akachukua kompyuta ya mkononi na kumfuata nyuma, akiwa na uhakika kwamba anakwenda kuifanya kazi yake ya mwisho ya mtandao.

Walimkuta Pak Tukiran anakunja mikeka peke yake. Alipomwona Pak Winarno alianza kuomba radhi upya, na Pak Winarno hakumwacha amalize. Akamshika mikono yote miwili, akasema kosa lilitoka ofisini kwake, si hapa, na kwamba yeye amemwaibisha mtu asiye na hatia. Ijumaa ijayo, palepale barazani, mbele ya watu walewale, atasimama aliseme hilo. Pak Tukiran, kwa aibu, akafungua kabati la vipaza sauti, na ndani ya mlango wake palikuwa na karatasi iliyobadilika rangi, yenye anwani na neno la siri kwa mwandiko wa Pak Sumitro.

Pak Sumitro alikuwa ameuweka waya ule mwezi wa Ramadhani, Pak Tukiran alieleza, miaka tisa iliyopita. Alipanda darini mwenyewe. Alimwomba asimwambie mtu, hata Pak Winarno, maana ni sadaka, na sadaka ikitangazwa inapungua. Ofisini hakuiandika popote. Pak Tukiran alitunza siri hiyo mpaka leo, na hata barazani, alipokuwa anasemwa, hakuitoa.

Pak Winarno aligeuka akatazama uani. Nastiti alishughulika na kisanduku, kwanza kwa sababu muda ulikuwa unakimbia, na pili kwa sababu hakutaka kumwona bosi wake akipangusa macho. Akaandika anwani mpya, 10.27.5.200, akakiwasha upya. Akamwomba Pak Tukiran aseme neno kwenye kipaza sauti kidogo, asikie kama linafika. Mzee akasema "moja, mbili", na sauti yake ikatoka kwenye simu ya Nastiti, ikichelewa kidogo. Saa saba kasoro dakika saba alikuwa mbele ya ruta ameufunga mlango wa zamani.

Semarang walipiga simu kwa wakati. Walijaribu njia, wakasema subirini, wakasema jaribuni nyie. Bernadet akabonyeza, na ramani ya bonde moja kule Semarang ikafunguka kwenye kioo chake, mistari yote ikiwa mahali pake. Ofisi nzima ilikuwa imesimama nyuma ya kiti chake na hakuna aliyepiga makofi; wote walikuwa wanamwangalia Pak Winarno. Fundi wa Semarang, sauti yake ikisikika chumba kizima, akauliza kazi hii safi imefanywa na nani. Wana tawi Tegal lenye tatizo hilihili na wanatafuta wa kulitatua. Ni wale jamaa wa Yogya?

Nastiti akainama, akaanza kukusanya vikombe vya chai. 

Pak Winarno akasogea karibu na simu. "Si wa Yogya," akasema. "Ni msimamizi wa mtandao wetu, Mbak Nastiti. Hotuba ya msikiti jirani ilipita kwetu kwa miaka tisa na hakuna aliyejua. Yeye ndiye aliyeigundua, akaniambia mwenyewe kwamba amekosea, na akarekebisha. Mkimtaka Tegal, mwombeni yeye, msiniombe mimi."

Nastiti aliviweka vikombe mezani. Akatoka, akaingia maliwatoni, akafungua bomba ili wasimsikie, akalia kilio cha miaka kumi na minne. Kisha akanawa uso, akakaza pini ya kitambaa chake na kurudi. Simu ilikuwa bado haijakatwa. Pak Winarno ameziba sehemu ya kusemea kwa kiganja, anamsubiri.

"Wanauliza kama Ijumaa ijayo inakufaa."

"Ijumaa hapana," Nastiti akasema, akiutupia jicho waya wa buluu.

Katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia Pak Winarno hapana, na chumba kizima kilijua. Pak Winarno akaondoa kiganja, akawaambia Semarang ni Alhamisi.